Sheshkalla, Dobi wa Mfalme wa Uru

Baba mdogo Sheshkalla hakuwahi kusikia sauti ya mfalme. Alimfulia nguo miaka ishirini na minne, tangu mwaka mfalme alipokalia kiti cha baba yake hadi siku alipotolewa mjini amefungwa kamba, na muda wote huo hawakusemezana neno. Lakini alijua kwamba kwapa la kushoto la mfalme hutoka jasho kuliko la kulia, kwamba anapenda samaki wenye mafuta, na kwamba akiwa na mawazo hushika matamvua ya joho lake na kuyasokota mpaka yanakatika. Nguo zikimwagwa asubuhi kwenye ua wa madobi, kando ya mfereji wa kusini, yeye ndiye aliyezipokea wa kwanza.

Namwita baba mdogo kwa kuwa alimwoa Ninhedu, mdogo wake mama yangu. Nyumba yao na yetu ziligusana ukuta. Nilipoolewa sikuhama mbali, mume wangu akaja kukaa kwetu, kwa hiyo mambo ya nyumba ile nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyasikia kupitia ukuta.

Alikuwa mtu mkubwa, mabega mapana, mwenye mikono iliyoliwa na magadi mpaka ngozi ikapasuka kama tope la mfereji uliokauka. Baba yake alikuwa dobi, na babu yake dobi. Alikanyaga nguo ndani ya birika la magadi na majivu huku akiimba, na watu waliopita na punda walisimama kumsikiliza. Madobi wenzake walikuwa kumi na mmoja. Aliyekuwa karibu naye zaidi ni Lugula, mtu mfupi ambaye mdomo wake haukuwa na mlango.

"Haya, mganga wa majoho," Lugula alizoea kumwambia. "Mfalme wetu leo ana habari gani?"

"Amekula bata."

"Na sisi tumekula harufu yake. Tumshukuru Nanna."

Kwetu kila mwaka hupewa jina la jambo kubwa alilolitenda mfalme, na mpiga mbiu hulitangaza langoni ili watu wajue wanaishi katika mwaka gani. Miaka ile majina yalikuwa mazuri. Mfalme ameshinda huku, mfalme ameinamisha wale, mfalme amemtengenezea Nanna, mungu wetu wa mwezi, kinubi. Sisi tulisikiliza, tukarudi kwenye shughuli zetu. Baba mdogo alisikiliza pia, kisha akatazama nguo.

Kwanza sufu ya buluu ilikoma. Ilikuwa ikitoka milimani, mbali sana, na siku moja haikuja tena. Ubara, mtumishi wa chumba cha mfalme ambaye ndiye alileta nguo, alisema njia imefungwa kwa muda. Kisha kitani kikakoma. Pini ya dhahabu iliyosahaulika kwenye bega la joho, ambayo baba mdogo aliirudisha kila mara mkononi mwa Ubara, ikawa pini ya shaba. Mafuta ya ufuta ya kulainishia sufu yakawa mafuta ya samaki, na nguo za mfalme zikaanza kunuka kama zetu. Kutoka majoho kumi na mawili yakabaki saba, yakabaki matatu.

"Mama Kugani," alimwambia mkewe jioni moja wakati tunakula, "mfalme anapiga magoti sana siku hizi."

"Umejuaje?"

"Joho limeisha kwenye magoti. Mbele tu. Nyuma ni zima."

Ninhedu alicheka. "Mwache apige. Labda Nanna atakumbuka kutuletea shayiri."

Kugani alikuwa mtoto wao wa pekee aliyepona. Wengine watatu walikufa wachanga. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mvuta mashua, mtu wa kupenda vitunguu vibichi na utani. Mwaka huo shayiri ilipungua sokoni mpaka watu wakaanza kupigana kwenye foleni. Mfalme alikuwa amemtuma jemadari wake kaskazini, Isini, kununua nafaka, na jemadari aliinunua kweli, lakini hakuileta. Ikatolewa amri mashua zipande mto kwenda kuichukua. Kugani akawemo.

Waliondoka wakati tende zinageuka rangi. Baada ya miezi miwili na nusu zikarudi mashua nne kati ya kumi na tatu, tupu. Mvutaji mmoja aliyeitwa Bazige alikuja moja kwa moja kwenye ua wa madobi, miguu yake imevimba. Baba mdogo alikuwa ndani ya birika, anakanyaga.

"Mzee Sheshkalla," Bazige alisema. "Jemadari amekataa kutoa. Anasema mfalme asubiri. Anajiita mfalme na yeye."

"Kugani yuko wapi?"

"Wakati wa kurudi Waamori wa jangwani walitupiga penye kona ya mto. Alichomwa mkuki hapa." Akajigusa chini ya mbavu. "Hakukaa sana. Tulimfukia wenyewe, mzee. Hatukumwacha."

"Upande upi wa mto?"

"Wa machweo."

"Kuna matete?"

"Yapo."

Baba mdogo aliitikia kwa kichwa. Akaendelea kukanyaga. Lugula alitoka kwenye birika lake akamshika mkono, akamwambia, "Toka ndugu yangu, toka, nitamalizia mimi," lakini hakutoka. Alikanyaga mpaka nguo ikatakata, akaisuuza mferejini, akaitandika kwenye mkeka, akanyoosha kila tamvua. Ndipo akaja nyumbani kumwambia mkewe.

Kilio cha Ninhedu kilisikika mpaka mtaa wa wafinyanzi. Alijipaka vumbi, akararua kitambaa chake cha kichwani, akagonga kichwa ukutani upande wetu hadi mimi na mama tukakimbilia huko. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda anakula mkate. Alikuwa anatafuna polepole, na makombo akiyakusanya kwenye kiganja.

"Wewe ni mtu au ni jiwe la kufulia?" Ninhedu alimpigia kelele. "Mwanao amezikwa kama mbwa kando ya mto, na wewe unatafuna!"

"Njaa imeniuma," alisema.

Hakuna aliyemwona akilia, siku ile wala zilizofuata. Hakuimba tena birikani. Aliamka, akaenda kazini, akarudi, akalala. Ukimsalimia aliitikia. Ukimuuliza anajisikiaje alisema hajisikii vibaya, na nadhani alisema kweli. Siku moja magadi yalimla kidole mpaka mfupa ukaonekana, na Ninhedu ndiye aliyemwonyesha. Alikitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Miaka ikaenda hivyo. Miji yetu mingine ikaacha kuleta ng'ombe wa sadaka, mmoja baada ya mwingine, kama wageni wanaoondoka kwenye sherehe bila kuaga. Mwishowe Waelamu, adui zetu wa mashariki, wakaja. Walikuja na watu wa milimani, wakapiga kambi kuzunguka ukuta, wakakata mfereji wa juu. Maji ya mfereji wa kusini yakawa ya chumvi, kisha yakawa tope.

Watu walikula punda. Walikula mbegu. Walichemsha mikanda ya ngozi. Mama yangu alikufa mwezi wa tatu, na mume wangu aliwekwa langoni na upinde asioujua. Madobi kumi na wawili wakabaki wanne. Lugula alilazwa barazani kwake, tumbo limevimba, miguu kama fito, na tulipokwenda kumwona alitutambua.

"Mpiga mbiu ametangaza jina la mwaka huu?" akauliza.

"Bado," nikamwambia.

"Mwambieni ninalo. Mwaka Ambao Lugula Alinenepa."

Ninhedu alicheka na kulia kwa pamoja. Baba mdogo alimrekebishia mkeka chini ya kichwa. Kesho yake tukamzika.

Na bado Ubara alikuwa akileta nguo za mfalme. Sasa lilikuwa joho moja tu, lenye matamvua, la sufu nyeupe iliyoanza kugeuka rangi ya mfupa, limetiwa viraka magotini. Siku likifuliwa, mfalme alikaa na kanzu ya ndani mpaka likauke. Ubara alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa wa aibu.

Mara ya mwisho alilileta asubuhi, akaliweka mkononi mwa baba mdogo, akaketi kwanza maana alikuwa hana nguvu za kurudi.

"Lifue vizuri, ndugu yangu. Kesho anapanda mnarani kwa Nanna."

"Magadi yamekwisha. Nina majivu tu."

"Basi majivu."

Ubara alipoondoka, Ninhedu alimfuata mumewe kwenye birika. Nilikuwa naye. Tulikuwa tumetoka kuchimba mizizi ya matete na hatukupata hata ya kujaza bakuli.

"Baba Kugani," alisema, "hilo joho."

"Eeh."

"Penye ufa wa ukuta, upande ulioshikizwa kwa magogo, kuna watu wanabadilishana na wale wa nje usiku. Mke wa mfua shaba ametoa bangili, kapewa shayiri pishi mbili. Joho la mfalme watalipa ngapi? Punda wao wananenepa huko nje, na sisi tunakunya maji."

"Ubara atalijia kesho."

"Na Ubara akija asilikute, atafanya nini? Atakupiga na nini, na mikono ile?"

Baba mdogo aliingia birikani akaanza kukanyaga. Ninhedu alimtazama, akasubiri, akasema tena, sasa kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha: "Mume wangu, mimi nakufa. Huoni?"

"Naona," alisema, na akaendelea kukanyaga.

Baadaye watu walimsifu kwa habari hii. Walisema alikuwa mtu mwaminifu, alikataa kuuza joho la mfalme wake hata kwa njaa. Mimi nilikuwepo. Sikuona uaminifu wala ukaidi. Nguo ilikuwa imeletwa chafu, naye alikuwa anaifua. Ninhedu alimtemea mate mgongoni, nikamshika mkono nikamrudisha nyumbani.

Ukuta ulivunjwa kesho yake asubuhi, upande ule ule wa magogo. Tulisikia kishindo, kisha kimya kifupi, kisha sauti za watu wengi wakikimbia. Sitasimulia yote. Mume wangu alikuwa langoni na sikumwona tena. Mimi na Ninhedu tulijificha kwenye shimo la magadi kule kwa madobi, kwa kuwa lilikuwa tupu, na baba mdogo alisimama nje juani karibu na mkeka ambao joho lilikuwa limetandikwa. Askari walipita mbele yake mara mbili. Labda walimdhani kichaa.

Jua lilipopanda wakaja sita wakiwa na Ubara, mdomo wake umepasuka, damu imekauka kidevuni. Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo, ndevu amezisuka, na lugha yetu aliivunjavunja.

"Nguo," alisema. "Nguo ya mfalme. Wapi?"

"Ndugu yangu Sheshkalla," Ubara alisema bila kuinua macho, "wanataka kumpeleka kwao akiwa na joho. Wanasema hawawezi kumwonyesha mfalme wao mtu aliyevaa kanzu ya ndani. Hawataaminiwa."

"Halijakauka."

"Lete hivyo hivyo lilivyo."

Askari mmoja alitugundua shimoni, akatutoa kwa nywele, tukaswagwa pamoja nao mpaka mbele ya lango la ikulu. Wanawake wengi walikuwa wamekalishwa hapo kando ya ukuta. Ndipo nilipomwona mfalme kwa karibu mara ya kwanza maishani mwangu. Siku za sikukuu, akiwa juu, nilimdhani mrefu. Alikuwa ameketi juu ya kikapu kilichopinduliwa, peku, kichwa wazi, na alikuwa mtu mdogo. Nzi walikuwa wakitembea kwenye goti lake na hakuwafukuza.

Baba mdogo alilishika joho mabegani, akalikung'uta mara moja kama alivyozoea, matone yakaruka.

"Bado bichi, bwana wangu," alisema.

Mfalme alisimama, akainua mikono yote miwili. Hakuangalia nani anamvika. Alikuwa amevikwa na watu tangu azaliwe, mikono ilijiinua yenyewe. Baba mdogo alimpitishia joho, likateleza begani. Akalirudisha, likateleza tena, maana mwili uliolivaa zamani haukuwepo. Mwishowe alifungua kamba ya matete aliyojifunga kiunoni mwake, akamfunga nayo, akapiga fundo. Maji yalikuwa yakimchuruzika mfalme mpaka kwenye vidole vya miguu, na pale aliposimama vumbi likawa tope.

Yule mkubwa alirudi nyuma hatua mbili kutazama. "Vizuri," alisema. "Sasa mfalme." Askari wake wakacheka.

Wakamtia kamba shingoni juu ya joho, wakaondoka naye kwa lango la mawio, njia ya kwenda Anshani, nchi ya Waelamu. Wanawake walipiga yowe. Baba mdogo aliinama akaokota mkeka, akaukunja, akauweka kwapani.

"Ulimwona uso?" Ninhedu alimuuliza siku nyingi baadaye.

"Niliona shingo."

"Mfalme wako huyo umemfulia miaka yote, na umeona shingo?"

"Upele ulikuwa umemtoka. Joho lile lilihitaji mafuta."

Waelamu waliacha kikosi mjini. Walifunga punda wao katika ua wa Nanna na kukoka moto kwa milango ya mierezi. Walihitaji mtu wa kuwafulia, wakamkuta amesimama kwenye mabirika, wakamtupia kanzu zao. Alizifua. Walilipa kwa shayiri, na shayiri ile ndiyo iliyotuponya, mimi na Ninhedu na yeye. Watu waliobaki mtaani walinong'ona. Mwanamke mmoja, mjane wa mfua shaba, alimwambia usoni sokoni: "Huoni haya? Unawafulia waliotuulia watu wetu."

"Zinakuja chafu," alisema.

Ninhedu ndiye aliyemrukia yule mwanamke. "Na bangili zako ulimpa nani, mama? Ulimpa Nanna?" Tukawatenganisha. Nadhani siku hiyo ndiyo Ninhedu alipoanza kumsemesha mumewe tena kwa sauti ya kawaida. Hawakupatana kwa maneno. Alianza tu kumpakulia kwanza, kisha akajipakulia yeye.

Miaka ikapita. Yule jemadari wa Isini aliyetunyima nafaka akawa mfalme kwelikweli, akaja na jeshi, akawafukuza Waelamu. Ajabu ya dunia ni hiyo, tulimshangilia. Matofali yakaanza kupigwa upya, hekalu likasafishwa, madobi wakahesabiwa, na baba mdogo akapewa kazi ya kufua nguo za makuhani.

Wakati huo wakaja waimbaji wa maombolezo. Walikuwa wanatunga wimbo mkubwa wa kumliwaza Nanna kwa ajili ya mji wake, wakasikia kwamba yupo mtu aliyemvika mfalme siku ya mwisho. Mkubwa wao, mtu mnene mwenye sauti nyororo, aliketi barazani kwetu, akapewa pombe, akaanza.

"Mzee wangu, niambie. Mfalme alilia?"

"Sikuona."

"Alisema nini? Hata neno moja."

"Hakusema kitu."

"Aliugeukia mji? Aliutazama mnara?"

"Sijui. Nilikuwa naokota mkeka."

Mwimbaji alinitazama mimi, akamtazama Ninhedu. "Mzee, mji mzima umekufa mbele yako, na unakumbuka mkeka?"

"Ulikuwa mkeka mzuri," alisema baba mdogo.

Wimbo ulipoimbwa mbele ya hekalu, mfalme alilia ndani yake, akaugeukia mji na kutaja jina la kila lango. Ulikuwa wimbo mzuri mno. Watu walilia mpaka wakakaa chini. Mimi nililia, nikamlilia mume wangu kwa mara ya kwanza tangu alipokwenda langoni. Ninhedu alikuwa amenikumbatia. Baba mdogo alisimama kati yetu, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza kwa makini kama mtu anayepewa maelekezo ya njia.

"Kumbe alilia," alisema tulipokuwa tunarudi.

"Ni wimbo, mume wangu," Ninhedu akamjibu, akamshika mkono.

"Aha."

Aliishi miaka minne baada ya hapo. Alikufa mchana, amekaa kwenye kigoda, baada ya kula supu ya dengu. Ninhedu alikuwa ameingia ndani kuchukua chumvi, na alipotoka alimkuta ameegemea ukuta. Tulimzika chini ya sakafu ya nyumba yake kama ilivyo desturi, tukamwekea bakuli na mtungi mdogo. Ninhedu alilia kwa kiasi, akanyamaza, akafagia.

Hekalu lilileta dobi mpya kutoka Isini, kijana mwepesi wa maneno, aliyemwaga magadi kama anayetia unga wa uji. Kitani cha makuhani kikaanza kutoboka. Ninhedu aliposikia alichukua fimbo yake, akashuka mpaka mfereji wa kusini, mimi nyuma yake.

"Wewe! Unafua au unapika?"

"Shikamoo bibi. Nafua."

"Hiyo ni kufua? Punguza nusu. Na kanyaga kwa kisigino, usikanyage kwa vidole kama mcheza ngoma."

"Bibi, kwani umewahi kuwa dobi?"

"Nimelala na dobi miaka thelathini na tano, mjinga wewe. Kanyaga nione."

Kijana akakanyaga. Ninhedu alikaa juu ya jiwe, akamsimamia mpaka adhuhuri, akimkaripia kila hatua. Tuliporudi nyumbani aliomba chakula, akala mkate wote na kitunguu, akasema yule mtoto ana miguu mizuri ila hana akili, na kwamba keshokutwa atamrudia.